MASHUJAA WA IMANI: SIMEONI NSIBAMBI



Wengi wetu asili yetu ni mwambao wa Tanganyika. Mapigano yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji yakafuata nchi nzima, wazazi wetu waliacha michikichi, mitumbwi na nyavu, wakakimbilia Kigoma na kwingineko. Wengine walifuata mwaka 1993 na 2015. Lakini desturi ya watu wachache kukutana, kuungama na kuwaombea majirani hawakuiacha. Mmoja wa watu walioiwasha desturi hiyo katika Afrika Mashariki ni Simeoni Nsibambi wa Uganda.

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897, mwana wa chifu wa Buganda. Alisoma Budo, akatumika katika jeshi la waganga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akapata kazi ya serikali katika mambo ya afya. Alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo, lakini nafasi hiyo hakuipata, akavunjika moyo. Katika huzuni hiyo, mwaka 1922, alimpokea Yesu kwa moyo wote.

Mwezi Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Church alikuwa amechoka mwili na roho kwa sababu ya njaa kubwa iliyoipiga Rwanda. Wote wawili waliona kwamba kanisa limepoa. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Wakati wa ukoloni, Mwafrika na Mzungu walipiga magoti pamoja kama ndugu. Kikundi hicho kilikuwa cha watu wawili tu!

Baada ya hapo Nsibambi alianza kumwuliza kila mtu kama ameokoka, hata wengine wakadhani amerukwa na akili. Aliacha kazi ya serikali, akaacha hata kuvaa viatu, akahubiri akiwa na kanzu. Ndugu yake Blasio Kigozi alikwenda kufundisha Gahini, akahubiri kwa moto mpaka alipofariki Januari 1936.

Yosiya Kinuka alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa hospitali ya Gahini. Alifika kwa Nsibambi akiwa na malalamiko mengi juu ya mambo ya kule. Nsibambi hakumsaidia kuwalaumu wengine. Alimwonyesha kwamba shida ilikuwa pia dhambi ndani ya moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine. Mwisho wa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi wa Gahini, watu wakaanza kuungama wao kwa wao. Moto huo ukaingia Burundi, katika vituo vya Buhiga na Matana, ukaenea pia Kenya na Tanganyika. Waliookoka walirudisha vitu walivyoiba na kuomba msamaha kwa waliowakosea.

Tuseme kweli: uamsho haukuizuia damu ya 1972 wala ya 1993. Wapo walioomba pamoja Jumapili na baadaye wakaogopana. Ndiyo maana tunahitaji kuomba kama Kinuka alivyofundishwa, tukianza na moyo wetu kabla ya kutaja kosa la kabila lingine.

Tangu mwaka 1941 Nsibambi alishikwa na ugonjwa, akabaki nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 1978. Zaidi ya miaka 35 hakuweza kuzunguka na kuhubiri kama zamani. Lakini watu walimfuata nyumbani, akawashauri na kuwaombea. Mwanawe Apolo alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011.

Ndugu, sisi tunajua maana ya kukaa miaka mingi mahali pamoja, tukingoja. Nsibambi aliyazuiwa mengi, lakini maombi hakuzuiwa. Basi kila kikundi cha maombi, wiki hii, kiulize: ni jirani gani hatusemezani naye? Tumtembelee kwanza, halafu tuiombee jamii yetu, na Rumonge, na wote walio ng'ambo ya ziwa.

Mungu awabariki.