Gregory na Barafu ya Mlima Kenya

Hapa Laini Saba, Kibera, ukifika mwezi wa Julai sisi watu wa Pwani hutambulika kwa makoti. Baridi hii ndogo ndiyo iliyonikumbusha habari za John Walter Gregory, mtaalamu wa miamba.

Alizaliwa London mwaka 1864. Ujanani alikuwa karani katika biashara ya sufu, akisoma usiku, hata mwaka 1887 akapata kazi katika jumba la makumbusho. Safari kubwa aliyokuja nayo Afrika ya Mashariki ilivunjika mapema. Mwingine angalipanda meli akarudi kwao. Yeye, mwaka 1893, alikusanya wapagazi wapatao 40 akaondoka Mombasa kwa miguu, hana Mzungu mwenziwe. Jina la Bonde Kuu la Ufa, wanalosomeshwa watoto wetu, yeye ndiye aliyelieneza. Lakini linalonivuta mimi ni la mlimani.

Huko juu, asubuhi moja, wapagazi walimjia na hofu. Maji waliyoyalaza katika vyungu yamerogwa! Yamekuwa meupe, hayatikisiki, na mmoja wao ameyapiga kwa fimbo isiingie. Wako wanaowacheka watu wale, mimi siwacheki. Neno theluji tulilipata chuoni, limo katika dua ya kufungulia sala, na barafu tumelitoa kwa Waajemi. Lakini kulijua neno si kukishika kitu chenyewe. Na bila ya mabega ya watu hao na nyapara wao, Omari bin Hamadi, Gregory asingalifika.

Alifika kwenye barafu yenyewe, akaipa jina la Lewis, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa mambo hayo. Chini yake sana akakuta vifusi vya mawe vilivyosukumwa na barafu ya kale, ikayeyuka ikaviacha. Basi zamani ilipata kushuka mbali kuliko alipoikuta. Leo wataalamu wanajua kwamba miaka ipatayo 20,000 iliyopita dunia nzima ilikuwa na baridi zaidi, wala Ikweta haikusalimika.

Na uhai haukukoma. Mlimani kule kila mchana ni kaskazi na kila usiku ni kipupwe, na iko mimea inayomshinda mtu kwa urefu ambayo jioni hukunja majani kulifunika chipukizi, kama mama amfunikavyo mwana kwa kanga. Mingine haiyaangushi majani makavu. Huyavaa shinani yakawa blanketi.

Gregory alikuwa profesa Glasgow tangu 1904 hadi 1929, akaja tena Kenya mwaka 1919. Mwaka 1932 alikufa maji katika mto Urubamba, nchini Peru, naye ana miaka 68.

Barafu ya Lewis, baina ya 1934 na 2010, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake ilikuwako nyingine, iliyopewa jina la Gregory mwenyewe. Hiyo imekwisha yeyuka yote.