Claude Monet, mchoraji aliyefuata mwanga hadi macho yakachoka

Claude Monet alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 14 Novemba 1840, akakulia Le Havre, kando ya bahari. Huko, mchoraji Eugène Boudin alimhimiza kuacha vikaragosi na kwenda kuchora nje, mbele ya maji na mawingu yenyewe.

Kwa Monet, kitu kimoja hakikuwa na rangi moja. Miaka ya 1890 na 1891, karibu na nyumba yake ya Giverny, alichora marundo ya ngano kwa rangi za mafuta. Mwanga ukibadilika, aliweka picha moja kando na kushika nyingine.

Mwaka 1893 alinunua kiwanja, akatengeneza bwawa na kupanda mayungiyungi. Lakini mwaka 1912 madaktari walimkuta na mtoto wa jicho. Rangi zikaanza kumdanganya, na picha kadhaa akaziharibu mwenyewe. Mwaka 1923 alipasuliwa jicho la kulia, kisha akarudi kazini.

Alifariki Giverny tarehe 5 Desemba 1926, akiwa na miaka 86. Mwaka uliofuata, picha kubwa za bwawa lile, alizoipa nchi yake, zilifunguliwa kwa watu wote katika jumba la Orangerie, Paris.