Beethoven na Pembe za Kusikilizia

Katika mji wa Bonn, nchi ya Ujerumani, alizaliwa mwaka wa 1770 mtoto jina lake Ludwig van Beethoven. Baba yake alikuwa mwimbaji katika jumba la mtawala, naye akamfundisha mwanawe kinanda tangu utotoni. Mwaka wa 1792 kijana akahamia Vienna, mji mkuu wa Austria, na haukupita muda mrefu akasifiwa sana kwa kupiga piano.

Alipokaribia umri wa miaka 30, masikio yake yakaanza kuharibika. Yalivuma mchana na usiku, kisha sauti nyembamba za ala na za waimbaji zikampotea. Mtu akisema kwa sauti ya chini, alisikia mlio asipambanue maneno. Akipigiwa kelele, hakuweza kuvumilia. Fikirini, watoto, hali ya fundi wa muziki aliyekosa sikio! Karibu miaka miwili aliepuka mikutano, kwa kuwa aliona haya kuwaambia watu ya kuwa ni kiziwi. Rafiki wachache aliowaandikia habari hiyo mwaka wa 1801 aliwasihi waifiche.

Waganga wakamtia mafuta ya lozi masikioni, wakamfunga magome ya mti mikononi, wakamwogesha katika maji ya mto Danube. Yote yalikuwa bure. Mwaka wa 1802, katika kijiji cha Heiligenstadt, aliwaandikia ndugu zake barua ya huzuni nyingi. Alieleza jinsi mwenzake alivyosikia filimbi kwa mbali, naye asisikie kitu; hata akakaribia kukata tamaa ya kuishi, ila kazi yake ikamzuia. Barua ile hakuipeleka. Ilionekana katika karatasi zake baada ya kufa.

Mjini Vienna alikuwako fundi mmoja, Johann Nepomuk Maelzel, aliyeeneza metronomu, yaani chombo cha kupimia mwendo wa muziki. Huyu alimtengenezea Beethoven pembe za kusikilizia, kati ya mwaka wa 1812 na 1814. Vyombo vya masikio vya umeme vilikuwa bado havijabuniwa. Pembe ilikuwa ya madini, yenye mdomo mpana wa kukusanya sauti na ncha nyembamba ya kutia sikioni. Mojawapo ilikuwa na ukanda wa kuvaa kichwani, ili mikono ibaki huru kufanya kazi.

Lakini kuizoea pembe si jambo jepesi. Siri aliyoificha miaka mingi sasa ilionekana na kila mtu aliyeingia chumbani. Tena pembe hukuza sauti bila kuisafisha: mlio wa kiti na kelele za njiani huingia pamoja na neno, na sikio lililoharibika ndani hulipokea neno likiwa kubwa lakini bado limevurugika. Hata leo, mtu avaaye chombo cha sikio mara ya kwanza hushtuka kusikia nyayo zake mwenyewe na sahani zikigongana, na huhitaji siku nyingi kuzoea. Wako waliomlaumu Beethoven kwa hasira zake. Mimi naona hasira nyingine zilitokana na kuchoka kusikiliza.

Pembe zilimsaidia kwa muda tu. Mwaka wa 1814 aliacha kupiga piano hadharani, na tangu 1818 wageni wake walimwandikia maneno yao katika vitabu vidogo, naye akawajibu kwa kinywa. Kwa hiyo vitabu hivyo, ambavyo zaidi ya 100 vimebaki, huonyesha hasa maneno ya wageni. Majibu yake mengi yamepotea.

Walakini hakuacha kutunga. Tarehe 7 Mei 1824 simfonia yake ya tisa ilipigwa mara ya kwanza, naye akasimama kati ya wapigaji. Watu wakashangilia mno. Yeye hakujua, kwa maana aliwapa kisogo. Ndipo mwimbaji Caroline Unger akamgeuza, akaona mikono ikipiga makofi na vitambaa vikipeperushwa.

Alikufa Vienna tarehe 26 Machi 1827. Pembe zake zimehifadhiwa Bonn, katika nyumba aliyozaliwa.