Sewa Haji, Tajiri Aliyemkumbuka Mpagazi

Miaka kadhaa iliyopita nilivuka mpaka wa Lungalunga nikaenda hadi Dar es Salaam kumzuru jamaa yangu aliyelazwa hospitali ya Muhimbili. Nilipouliza alipo, kijana mmoja alinijibu kwa wepesi kwamba mgonjwa wangu yuko Sewahaji. Nikamwuliza huyo Sewahaji ni nani. Akacheka, akaniambia kuwa Sewahaji si mtu, ni wodi.

Sikumjibu, kwani aliyekwenda kuzuru mgonjwa hana haja ya kufungua darasa mlangoni. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Leo, ndugu msomaji, nataka kulipa deni la siku ile. Sewahaji alikuwa mtu, tena Mwislamu wa pwani yetu hii, na habari zake zatuhusu.

Jina lake kamili ni Sewa Haji Paroo. Alizaliwa mwaka 1851, katika jamaa ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Baba yake alikuja na msimu kutoka Kachi, India, akafanya biashara Unguja na baadaye Bagamoyo. Basi Sewa alikuwa mtoto wa mgeni, na Bagamoyo ulikuwa mji wa wageni. Misafara mingi iliyotoka Unyamwezi na Ujiji ilikuwa ikimalizikia hapo. Wapagazi walishuka kwa maelfu, kila mmoja na mzigo wake begani, na pembe moja ya ndovu yaweza kufika frasila 2. Walitembea miezi mitatu au zaidi, njaa na kiu zikiwa ndizo sahibu zao.

Na walipofika pwani hawakuwa wazima wote. Wengine walikuja na ndui, wengine na tumbo la kuhara damu, wengine na vidonda vya miguu visivyopona. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara, kikapita Pangani na kuvuka hadi Unguja, kikaua watu wengi mno. Sewa alikuwa kijana wa miaka 18 wakati huo.

Sasa tujiulize: mwenyeji akiugua, ana mama wa kumpikia uji na ana shangazi wa kumkanda. Mtaani kuna mganga anayemjua baba yake, na msikitini kuna watu wa kumwombea. Mgeni hana shangazi. Mpagazi aliyeanguka Bagamoyo, nyumba yake ikiwa mwendo wa miezi mitatu, alikuwa akimtegemea Mungu na huruma ya mpita njia.

Sewa Haji aliijua hali hiyo kuliko wengi, kwa sababu mali yake ilitoka kwenye mabega hayo hayo. Duka lake liliuza amerikani, kaniki, shanga, masango, bunduki na baruti. Alinunua pembe, na aliwatafutia wapagazi wasafiri waliotaka kuingia bara. Mwaka 1871, alipokuwa na miaka 20 tu, ndiye aliyempatia Stanley wapagazi zaidi ya 100 alipokwenda kumtafuta Livingstone. Stanley amemtaja katika kitabu chake, tena kwa malalamiko mengi, akidai kijana yule alimzidishia hesabu. Stanley naye hakuwa mtu wa kusifu watu kwa urahisi. Hata hivyo sitaki kumfanya Sewa Haji walii. Alikuwa mfanyabiashara, na biashara ya pembe zama zile haikuwa safi kwa mtu yeyote aliyeigusa.

Hapo ndipo maisha yake yaniponivutia. Matajiri wa msafara walikuwa wengi, na wengi wao hesabu ya mpagazi ilifungwa alipotua mzigo na kupokea ujira wake. Sewa Haji hakuifunga. Alitoa mali yake kwa hospitali ya Bagamoyo, akawasaidia wakoma waliokuwa wakitunzwa mjini humo. Mwaka 1892 alimpa gavana wa Kijerumani jumba la ghorofa liwe shule, kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa kila kabila na kila rangi. Shule hiyo baadaye ilijulikana kwa jina la Mwambao.

Kisha akatoa fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam. Mjerumani alikuwa akijenga ufukweni hospitali ya Wazungu, ikamalizika mwaka 1897. Mwafrika na Mhindi walikuwa wakiugua mji ule ule, jua lile lile, mbu wale wale. Hospitali yao ilitoka katika mfuko wa mtoto wa mhamiaji wa Kachi, nayo ikaanza historia yake mwaka huo huo wa 1897.

Mwenyewe hakuishi kuyaona matunda yake. Alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, umri wake ukiwa haujafika miaka 50. Katika wasia wake alitenga mali ya kuwasaidia wagonjwa na wakoma. Hospitali yake ilihudumu karibu miaka 60, hadi ilipofunguliwa hospitali mpya mwaka 1956, ile iliyoitwa Princess Margaret na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Jengo la kwanza lilivunjwa. Jina likahamia wodini.

Watu wa Mombasa nao wana sehemu yao katika habari hii. Allidina Visram, ambaye jina lake liko juu ya shule yetu maarufu, alikuja kutoka Kachi akiwa mtoto, akajifunza biashara Bagamoyo chini ya Sewa Haji, kabla ya kufungua maduka yake hadi Uganda.

Lakini sehemu yetu kubwa si hiyo. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba msafiri aliyekatikiwa na njia ni mmoja katika wanane wenye haki katika zaka. Haki, wala si hisani. Na bado Wamakonde wa Kwale walikaa miaka mingi bila vitambulisho, hadi mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakangoja hadi mwaka 2023. Asiye na kitambulisho hana kadi ya bima, na asiye na kadi, ugonjwa ukimshika, mlango wa hospitali huwa mzito. Hawa walivua samaki tuliowala na kulima mkonge uliouzwa ng'ambo. Mabega yao tuliyatumia, majina yao hatukuyaandika.

Sewa Haji hakuwa malaika, lakini alijua kwamba aliyekubebea mzigo ana dai kwako siku anapoanguka. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea: mtu amezikwa zaidi ya miaka 100, na usiku huu yuko mgonjwa aliyelala chini ya jina lake bila kumjua.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Na wewe msomaji, ukifika Muhimbili ukaambiwa mgonjwa wako yuko Sewahaji, msomee Fatiha mwenye jina kabla hujapanda ngazi.