Mary Ainsworth, mtafiti aliyefundishwa na mama wa Buganda

Wanasihi wengi wanaowahudumia watoto waliopatwa na kiwewe, iwe Kampala, Nairobi au Melbourne, hutaka kwanza kujua jambo moja: mtoto huyu akiogopa, humkimbilia nani? Swali hilo lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia katika sebule za vijiji vya Buganda, kati ya mwaka 1954 na 1955.

Ulikuwa wakati mgumu kwa Baganda. Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa amehamishiwa Uingereza kwa amri ya gavana Andrew Cohen tangu tarehe 30 Novemba 1953, na Lubiri, kasri lake la Mengo lililo leo katika tarafa ya Lubaga jijini Kampala, lilikuwa halina mwenyewe. Ndipo akawasili mwanasaikolojia mmoja kutoka London, mwenye umri wa miaka 40, ambaye hakuwa na kazi ya uhakika. Mume wake, Leonard, alikuwa amepata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, naye Mary alimfuata tu.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Kanada. Walioandika habari za maisha yake wanaeleza kwamba alikuwa karibu na baba yake kuliko mama yake, ambaye hakumpa bashasha aliyoitamani. Chuoni Toronto alimpata mwalimu, William Blatz, aliyefundisha kwamba mtoto huthubutu kuujua ulimwengu akiwa na hakika ya wazazi wake. Mary alipata shahada ya uzamivu mwaka 1939, akatumikia jeshi la wanawake la Kanada wakati wa vita hadi kufikia cheo cha meja, kisha akaolewa mwaka 1950 na kuhamia London. Huko alijibu tangazo la kazi gazetini, akajikuta akifanya kazi na John Bowlby katika kliniki ya Tavistock. Bowlby alikuwa akichunguza madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake. Mwenzao, James Robertson, alikuwa akiandika kwa makini aliyoyaona kwa watoto waliolazwa hospitalini pasipo wazazi, na Mary aliapa kwamba siku akipata utafiti wake mwenyewe ataufanya kwa njia hiyo ya kutazama na kuandika.

Nafasi hiyo aliipata Buganda. Alikuwa ameelezwa kwamba kwa desturi ya Baganda mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa jjajja wake kwa siku kadhaa, ili alisahau titi. Alitaka kuona kama utengano huo wa ghafla humjeruhi mtoto. Alipofika vijijini alikuta desturi hiyo imekwisha kufifia kwa wengi. Mwingine angefunga daftari, lakini yeye alibadili swali, akaanza kutazama jinsi mapenzi kati ya mtoto na mama yanavyojengeka mwezi hata mwezi.

Alichagua familia 26 zenye watoto 28 katika vijiji vilivyo umbali wa maili 15 hivi kutoka Kampala. Kila baada ya wiki mbili aliwatembelea alasiri, saa ambayo wanawake wa Kiganda walizoea kupokea wageni, akakaa nao kwa saa mbili pamoja na mkalimani wake. Alijifunza Luganda kiasi. Aliwapa akina mama usafiri wa kwenda kliniki, na maziwa ya unga kwa bei nafuu. Huu haukuwa utafiti wa maabara: mtoto alitambaa, kuku wakipita, jirani akiingia, na mgeni wa Kizungu ameketi akiandika.

Alichokiona kinajulikana na kila mlezi, lakini hakuna mtaalamu aliyekuwa amekiandika kwa utaratibu ule. Mtoto hutambaa kwenda mbali kidogo na mama, hugeuka kumtazama, huendelea na michezo, kisha hurudi kumgusa na kwenda tena. Akitishika hurudi mbio. Mama ni egemeo la kuanzia safari na kimbilio la kurejea. Mary, ambaye London alikuwa na shaka na mawazo ya Bowlby kuhusu asili ya fungamano hilo, alisadiki akiwa Buganda.

Watoto 16 aliwaona kuwa na fungamano la utulivu. Saba walilia sana, hata wakiwa mikononi mwa mama, na baadhi ya mama hao walikuwa wenyewe wamelemewa na mashaka. Watano hakuona kwao dalili za fungamano bado. Ugunduzi ninaouthamini zaidi ni mwingine. Mama walioweza kusimulia kwa kina habari za watoto wao, vijitabia na vituko vyao vidogo, ndio ambao watoto wao walikuwa watulivu zaidi. Mama anayemwona mtoto wake alivyo ndiye anayemtuliza.

Mwishoni mwa 1955 aliondoka kwenda Baltimore, Marekani. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960, na yeye aliyewachunguza wengine akaingia katika tiba ya kuyachimbua maisha yake kwa miaka mingi. Huko Baltimore alitembelea familia nyingine 26. Kwa kuwa watoto wa Kimarekani hawakushtuka sana mama alipotoka chumbani nyumbani kwao, alibuni jaribio la dakika 20 hivi katika chumba kigeni, ambamo mama hutoka mara mbili na kurudi. Jaribio hilo ndilo lililompa sifa duniani. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda, kilichotoka mwaka 1967, husomwa na wachache.

Wanafunzi wake ndio waliolifikisha suala hili kwenye kiwewe. Mary Main, pamoja na Judith Solomon, walieleza katika miaka ya 1980 habari za watoto ambao mama akirudi humwendea kisha huganda njiani, kwa kuwa mtu anayepaswa kuwaliwaza ndiye pia anayewaogofya, au yeye mwenyewe ameshikwa na hofu isiyokwisha. Alicia Lieberman, mzaliwa wa Paraguay, aliendeleza huko San Francisco unasihi wa watoto walio chini ya miaka sita walioshuhudia ukatili. Mtoto hatengwi na mzazi wake: wote wawili huketi chumba kimoja, huchezea vidoli, na yaliyotokea huzungumzwa kwa maneno ambayo mtoto anayaweza, huku mzazi naye akisaidiwa kubeba yaliyompata. Msikilizaji aliyepitia vita au kambi ya wakimbizi ataelewa kwa nini. Mzazi ambaye bado hulala jicho moja wazi hawezi kumtuliza mwanawe kwa kuagizwa tu.

Wapo waliompinga. Robert LeVine, aliyechunguza malezi ya Abagusii wa Kenya, alisema kipimo kilichokomaa Marekani hakiwezi kuhukumu malezi ya kila mahali. Hoja hiyo ina uzito katika nyumba zetu, ambamo bibi, shangazi na dada mkubwa hubeba mtoto. Hata hivyo Mary alikuwa ameliona hilo Buganda: aliandika kwamba watoto walifungamana pia na baba, bibi na ndugu, na baadaye alikiri kwamba wale watano huenda walikuwa wamechelewa tu.

Alitamani watoto, hakujaliwa kuzaa. Alifariki Charlottesville, Virginia, tarehe 21 Machi 1999, akiwa na umri wa miaka 85. Kabaka alikuwa amerejea Buganda tarehe 17 Oktoba 1955, wiki chache kabla ya mtafiti huyo kufunga mizigo yake, akiwa na madaftari yaliyojaa habari za watoto 28.