Tabibu Aliyeuliza Kazi ya Mgonjwa

Katika viwanda vya nguo na tumbaku vya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, wako wanaosimama mbele ya mitambo kwa saa nyingi na wanaoinamia magunia. Maumivu yao ya mgongo na mabega mara nyingi huhesabiwa kuwa uzee au uvivu. Yapata miaka 300 iliyopita, tabibu mmoja aliikanusha dhana hiyo.

Bernardino Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 mjini Carpi, Italia. Alisomea utabibu Parma, akafundisha Modena. Kila alipompima mgonjwa wa tabaka la wafanyakazi, alimwuliza pia kazi yake. Aliingia katika karakana akawatazama wafumaji, waokaji mikate na wachukuzi. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akaeleza kwamba mikao mibaya ya mwili na mwendo uleule usiokoma huharibu viungo. Aliwashauri wanaosimama wapumzike, na wanaokaa wanyooshe viungo. Alifariki Padua mwaka 1714.

Tanzania Bara ilitunga sheria ya usalama na afya kazini mwaka 2003, na Zanzibar mwaka 2005. Lakini sheria haimpunguzii mtu mzigo ikiwa imefungiwa kabatini. Hapana budi wakaguzi na mameneja, Morogoro na hata bandarini Malindi, Unguja, wamwulize mfanyakazi kazi yake kabla mgongo haujapinda: gunia lipunguzwe uzito, meza iinuliwe, mapumziko yaheshimiwe.