Mwalimu Aliyenyimwa Shahada

Kila nisikiapo umahiri wa msomi ukipimwa kwa cheti tu, humkumbuka Mary Paley Marshall, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1850. Mwaka wa 1874 aliufanya mtihani wa shahada wa Cambridge, akafaulu. Shahada akanyimwa kwa kuwa mwanamke. Hata hivyo alifundisha uchumi katika Chuo cha Newnham, kisha Bristol, ambako ujira wake ulikatwa kwenye mshahara wa mumewe, Alfred. Mwaka wa 1879 wawili hao walichapisha kitabu cha wanaoanza somo hilo. Linalonikera ni kwamba Alfred huyo huyo alikuja kupinga wanawake wasipewe shahada! Mary alifariki mwaka wa 1944. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili mwaka wa 1948.